Wimbo Uliogoma Kuchuja

Nyimbo za redioni huchuja. Hupigwa kila kona mpaka zikuchoshe, kisha watu wanazisahau. Mimi niliusubiri wimbo mmoja uchuje karibu ujana wangu wote, na mpaka leo haujachuja. Nimewahi kuuchukia kama mgeni aliyeaga tangu saa nane na bado amekaa.

Ulikuwa wimbo wa wazungu wa magitaa. Mwimbaji anamsihi mwenzake asiondoke. Ulifika kwetu miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, mitumba na kaseti zikaanza kumwagwa chini sokoni Tengeru. Muuza kaseti alifunga spika zake jirani na mahali baba alipouzia ndizi, akawa anaupiga tangu asubuhi mpaka watu wanafunga mizigo. Wakati huo niliupenda. Bwenini tuliuimba tukifua nguo.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, huku juu kwenye miteremko ya Meru. Likizo moja akatuita sebuleni, mama na mimi, akasema amepewa wimbo. Ndivyo alivyosema: amepewa, akiwa anapalilia migomba. Akafumba macho, akaimba sala ya mtu anayemwomba Bwana asimwache. Mstari wa kwanza haujaisha, nikautambua. Ulikuwa uleule wa sokoni, umepunguzwa mwendo na kuvalishwa joho.

Mama alifuta machozi. Mimi nikasema, "Ni mzuri sana, baba."

Ningesema nini? Usharika wa jirani ulikuwa umemwondoa mwalimu wake kwa kuingiza gitaa la umeme kanisani. Gitaa tu! Huyu wa kwetu alikuwa ameingiza disko zima, tena akisema limetoka kwa Mungu. Na baba bila kwaya nisingejua ni nani; wala yeye asingejua.

Sikukuu ya mavuno wakaja wageni wa mjini, vijana wa Njiro waliorudi kuwaona bibi zao. Kwaya ilipoanza wimbo ule, kijana mmoja akamnong'oneza dada aliyekaa naye, wakacheka. Ibada nzima nilikuwa nawatazama wao. Nje, wakati wa mnada wa mazao, nikamwona kijana yule anamfuata baba. Nikajua leo ndiyo leo.

"Shikamoo, mzee. Ule wimbo wenu umenigusa kweli."

"Marahaba. Utukufu kwa Bwana," baba akajibu haraka, akageuka kwenda kupandisha bei ya jogoo ambaye hata hakuwa anamtaka.

Nikajipa moyo kwamba mwakani utakuwa umechuja. Wapi! Zikaja redio za watu binafsi, zikaupiga asubuhi na jioni. Bendi za hotelini zikaudaka. Saluni, kwa mafundi cherehani, kwenye harusi, ni huohuo. Ulipoanza kuchoka, wakatokea wasichana fulani wakaurekodi upya kwa mwendo wa haraka, ukafufuka. Na kwaya nayo ilizidi kuupenda wa baba. Wakauimba kwenye misiba na ubatizo, mpaka wanakwaya wa Olmotonyi wakaja kujifunza. Nyimbo mbili zilikuwa zinatembea katika mji mmoja, nami nilikosa raha nikiingoja siku zitakapokutana masikioni mwa baba.

Bahati yangu ilikuwa moja. Nyumbani baba alisikiliza taarifa ya habari tu. Ikiisha, kabla muziki haujaanza, anazima redio. "Betri zinaisha," anasema, hata kama zimenunuliwa jana. Mama alilalamika. Mimi nilimshukuru Mungu kwa ubahili wa baba.

Nilipopata kazi mjini nikapanga vyumba viwili Njiro, na baba akaja kunitembelea na mkungu wa ndizi. Nilimwacha sebuleni akisikiliza habari, nikaenda kupakua chakula. Habari zikaisha. Yakaanza magitaa, na sikuhitaji zaidi ya pigo la kwanza kujua ni nini. Niliacha mwiko kwenye sufuria nikakimbia, nikitafuta uongo wa kumwambia.

Baba alikuwa ameshainuka. Kwa magoti yale mabovu alikuwa ameifikia redio kabla yangu, kidole kwenye swichi, na alinitazama kwa woga ambao sikuwahi kuuona usoni mwake. Hakumwogopa mchungaji wala wazee wa kanisa. Aliniogopa mimi, binti aliyemsomesha, nisije nikautambua.

"Betri zinaisha," alisema.

Waya wa redio ulikuwa umechomekwa ukutani, na sote wawili tulikuwa tunauona. Kicheko kilinipanda, na moyo ukaniuma palepale.

"Kweli, baba," nikamwambia. "Zima tu."