Jike la Baba Elinisaa

Mimi niliyekaa Mombasa na Dar, siuziwi mbwa kwenye gunia.

Jumapili shangazi yangu aling'atwa na mbwa wa jirani, Baba Elinisaa. Leo mtendaji wa kijiji, hapa Myamba, kamwita: alete mbwa aonwe, la sivyo kesi inashuka mahakamani Same.

Kaleta. Mbwa mpole huyo, analamba viatu vya mtendaji.

"Mmeona?" akasema Baba Elinisaa. "Na amechanjwa. Sindano za kichaa cha mbwa za nini, dada yangu?"

Shangazi akaanza kulainika. Sisi watu wa milimani tuna huruma za ajabu.

Mimi nikaingiwa na shaka. Mbwa aliyechana paja la mtu leo anatikisa mkia?

Nikainama, nikachungulia chini ya tumbo.

Jike. Tena ananyonyesha.

Aliyemng'ata shangazi ni dume wa rangi hiyohiyo, kijiji kizima kinamjua.

"Shikamoo, Baba Elinisaa. Dume yuko wapi?"

"Marahaba."

Akaanza kumfunga jike kamba.

"Alikufa jana. Mapovu yalikuwa yanamtoka."

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Nikampakia shangazi kwenye bodaboda. Sasa tuko hospitali, foleni ya sindano. Kesi itatusubiri.

Na wewe uliyelambwa au kuparuzwa na yule dume, usibaki kuniandikia "pole" hapo chini. Tufuate huku.