Mama Spoku na Viti vya Hospitali

Mtaa mzima ulimwita Mama Spoku, kwa vile vijiti vyembamba vya chuma vya gurudumu, na wapo waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Karakana yake ya baiskeli ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, katikati ya duka la madaftari na kibanda cha kinyozi. Ukiingia ulikuta rimu zimetundikwa ukutani, beseni la maji la kutafutia tundu kwenye mpira, na kopo la biskuti lililojaa nati.

Ufundi aliupata kwa kukaa. Karakana ilikuwa ya mumewe, na kila mchana Mama Spoku alimpelekea chakula akakaa kwenye benchi amngoje amalize kula. Leo ashike hiki, kesho akaze kile, hata ikafika siku mume akawa anamwachia rimu zote zilizopinda. "Mimi nina nguvu," alikuwa akisema, "lakini jicho ni la mke wangu."

Kisha mume akapata kiharusi, miguu ikakataa kazi. Kila wiki alitakiwa hospitali, na hospitali haikuwa na kiti hata kimoja cha kumsukuma kutoka getini hadi chumba cha daktari. Mdogo wake ndiye aliyembeba mgongoni. Mwanamume aliyezoea kuinua baiskeli mbili kwa mpigo alifumba macho njia nzima asiwaone wanaomtazama. Mama Spoku alifuata nyuma ameshika viatu vya mumewe. Hilo hakumwambia mtu. Mume alipofariki na matanga kwisha, akaufungua tena ule mlango wa bati na kuvaa ovaroli ya marehemu, mikono ameikunja mara tatu.

Mwanzoni wateja walichungulia wakauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye," aliwajibu.

Wengine waliguna wakaenda zao. Wiki mbili baadaye walirudi na baiskeli zile zile, zimeharibiwa na fundi mwingine, wakaziegemeza ukutani kimya kimya. Naye hakuwasuta. Aliwapa benchi wakae.

Sasa, hapo mtaani palikuwa na klabu ya kujitolea: watu kama ishirini waliopanda miti, waliofagia zahanati, waliochangia sare za watoto wasio na uwezo. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mnene, mpole, mwenye kupenda utaratibu. Siku moja alileta karakanani mkokoteni wa klabu, gurudumu moja limelala. Mama Spoku aliutengeneza na kukataa malipo.

"Basi njoo mkutanoni Jumamosi," Mwalimu alisema. "Angalau unywe chai yetu."

Akaenda na ovaroli yake, maana alitoka kazini moja kwa moja, akakaa karibu na mlango wa darasa walimokutania. Ajenda ilikuwa moja: kuandaa chakula cha jioni cha tiketi, ili fedha zitakazopatikana zinunue viti viwili vya magurudumu vya hospitali. Nusu saa nzima ikaenda katika rangi ya vitambaa vya meza. Ndipo muuguzi mkuu, naye mwanachama, akasema kama anayejisemea, "Na vile kumi na moja vya zamani tutaviuza chuma chakavu. Vinatujazia stoo bure."

Mama Spoku akaweka kikombe chini. "Vina nini hivyo kumi na moja?"

"Vimekufa, mama."

"Vimekufa au vinaumwa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akawaeleza taratibu kwamba gurudumu kubwa la kiti kile ni ndugu wa gurudumu la baiskeli: lina rimu, lina spoku, lina mpira. Akaomba apewe kimoja kwa wiki moja.

Mwalimu akavua miwani. "Mama, kiti cha mgonjwa si baiskeli. Mtu akianguka, tutamwambia nini?"

"Ndiyo maana nitakikalia mimi kwanza. Halafu utakikalia wewe, Mwalimu. Kikikubeba wewe, hakuna mgonjwa kitakayemkataa."

Safari hii kicheko kilianza kwa Mwalimu mwenyewe.

Wiki ile alifunga karakana mapema kila siku. Alifungua kiti chote akapanga vipande vyake juu ya gunia. Magurudumu madogo ya mbele yalikuwa yameganda kwa kutu. Akayaloweka kwenye mafuta ya taa, akabadilisha beringi. Akafunga spoku mpya moja moja, akizigonga kwa kucha na kusikiliza, mpaka zote zikalia sauti moja. Kitambaa cha kukalia kilikuwa kimechanika, na hapo alijua mwisho wa ujuzi wake. Akampelekea fundi cherehani wa klabu, naye akashona turubai lenye tabaka mbili. Jumamosi akakisukuma kiti hadi mkutanoni, akakikalia, akainuka. Mwalimu akaketi. Kiti kililia kidogo, kikatulia. Akasukumwa darasa zima, akazungushwa, breki zikavutwa.

"Vitambaa vya meza basi," alisema akiwa bado amekaa. "Tutafute fedha za mipira na beringi."

Namna ya kuzipata ilitoka kwa Mama Spoku pia: mashindano ya kusukumana kwa viti hivyo hivyo kwenye uwanja wa shule, kila timu ilipe kiingilio na watazamaji watoe walichonacho. Akatengeneza vingine vitatu kwa vipuri vya mkopo, na siku ilipofika uwanja ulifurika. Wauza mboga walimsukuma mkusanya ushuru wao, wakampitisha kila penye shimo. Mlinzi wa benki alimsukuma meneja wake kwa kasi ambayo hajawahi kuionyesha kazini.

Bintiye Mama Spoku, karani wa ofisi moja kubwa, alikuja na wenzake. Kwa miaka mingi, akiulizwa kazi ya mama yake, alijibu tu kwamba anafanya biashara.

Katika mzunguko wa tatu, gurudumu la mbele la kiti kimoja lilichomoka. Mpanda kiti, mwenye duka la dawa, akabingirika kwenye nyasi. Hakuumia, ila uwanja ulinyamaza. Mama Spoku akaenda katikati na spana yake, akapiga magoti, akaangalia. Angeweza kulaumu shimo. Akasimama akasema kwa sauti ya kusikika, "Nati hii sikuikaza. Kosa ni langu. Viti vyote virudi hapa, nitavikagua kimoja kimoja mbele yenu."

Akavikagua. Ilimchukua karibu saa nzima, na hakuna aliyeondoka. Watu walisogea wakamtazama akipinda, akivuta, akigonga spoku na kutega sikio. Katika kimya kile ndipo mkuu wa ofisi ya bintiye akauliza, "Yule fundi ni nani?"

"Ni mama yangu," binti akajibu, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Kisha akavua viatu vyake virefu, akaenda kumshikia kopo la nati.

Fedha zilitosha na kubaki. Katika viti kumi na moja, viwili vilichinjwa ili vipone vingine tisa. Siku ya kuvikabidhi, Mama Spoku alisimama kando ya geti la hospitali. Mzee mmoja aliletwa na mwanawe, mkono begani, miguu ikiburuta. Muuguzi akasogeza kiti. Mzee akaketi, akarekebisha kofia yake, akaingia ndani kichwa juu, akisalimia watu kulia na kushoto kama mgeni rasmi. Mama Spoku alimwangalia mpaka alipopotea kwenye kona. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na grisi na kwa sababu hakuona aibu.

Siku hizi kila Alhamisi yuko hospitali akikagua viti, na amewafundisha wafanyakazi wawili wa pale kubadilisha mpira na kukaza spoku. Hospitali ya mji wa jirani nayo imeleta vyake sita kwa lori.

Mwaka huu klabu ilimpendekeza awe makamu mwenyekiti. Mwalimu alitoa hotuba ndefu ya kumsifu, akataja bidii, akataja unyofu, akaanza kutaja nidhamu. Mama Spoku akanyoosha mkono.

"Nimekubali, Mwalimu," alisema. "Ila mikutano tuifupishe. Watu wananisubiri na baiskeli zao."