Imebaki Miguu Tu

Adhana ya adhuhuri ilitukuta uani kwa jirani yangu, fundi magari wa mtaa wetu wa Buyenzi, tukishangaa mashine yake mpya ya kuoshea magari kwa presha, inayovuta maji kutoka kwenye pipa. Mabomba ya mtaa yamekauka tangu mapigano ya juzi. Mzee mmoja, muuza vitambaa, alikuwa akitawadha. Birika likamwishia maji. Akavua kandambili, akanyoosha mguu mbele ya mdomo wa mashine.

"Mwanangu, nimwagie. Imebaki miguu tu."

"Apana, muzee! Hii maji inakata mutu!"

"Maji?" Mzee akacheka, mguu pale pale.

Fundi akaelekeza mdomo pembeni, kwenye kandambili, akabonyeza. Ikapasuka vipande viwili.

Jamani! Sisi tunaotambua kila bunduki kwa mlio wake, tulikuwa tumesimama mbele ya kitu hicho tukichekacheka.

Fundi akazima mashine, akafunga maji, akabonyeza tena mpaka presha yote ikatoka. Kisha akajaza birika kutoka kwenye lile pipa, akamwinamia mzee.

Mzee akanyoosha mguu. Birika lilipoinama, akaurudisha haraka.

"Anza kwanza na ukuta," akasema.