Wimbo wa Kushusha kwenye Sendofu

Boksi la chelo la Agnetha likipita kwenye bajaji pale Kibaoni, hakosekani mtu mzima wa kuvua kofia. Mwambie ni chombo cha muziki, atakuangalia kwa huruma, maana yeye jeneza akiliona analijua. Na kweli lina umbo la jeneza la mtoto aliyelishwa vizuri. Hata dereva wa bajaji huzima redio na kuendesha kwa adabu ambayo abiria wake wengine hawajawahi kuionja.

Agnetha ni fundi cherehani karibu na soko la Ifakara. Anashona sare za shule na kanzu za watumishi wa altareni. Chelo aliachiwa na sista mmoja Mswisi, aliyemfundisha tangu akiwa msichana wa kwaya, halafu akarudi kwao na magoti yake mabovu. Mitaani wanaiita zeze la kanisa, na hakuna mwingine mjini anayejua kuipiga, kwa hiyo Agnetha ndiye bingwa na ndiye wa mwisho.

Nyimbo zake amezipanga kifundi, kwa mafungu, kama vitambaa kwenye kabati. Fungu la Majilio ni la nyimbo nyembamba za kusubiri. La Noeli lina kelele kidogo. Kwaresima chelo hulala, ikaamka usiku wa Pasaka. Kuna fungu la mavuno kwa ajili ya misa ya shukrani, mpunga ukishaingia ndani. Kuna la ubatizo, la harusi, na la kumuaga padre anayehamishwa, ambalo huwa la furaha au la huzuni kulingana na padre. Na kuna la msiba.

Katika hilo la msiba umo wimbo mmoja wa nyuzi nene, unaopigwa jeneza likishuka kaburini. Watu wameuita Wa Kushusha. Ukianza tu, kila mtu anasimama bila kuambiwa, na wanaume wanaacha kubishana habari za mpira. Mafungu mengine unaweza kuyachanganya kidogo na watu wakakusamehe, lakini Wa Kushusha hautoki makaburini. Ukipigwa penye furaha umemwita mtu kaburini, na anayeitwa ataonekana tu, leo au kesho.

Agnetha alijua kuliko wengine maneno ya namna hiyo yanakomea wapi. Zamani, yeye akiwa bado shule ya msingi, mtoto wa jirani alikunywa uji kwa Levina, mama yake Agnetha, na baada ya siku chache akafa kwa homa. Ukoo wa mtoto ukakaa kikao. Ikaamuliwa Levina apelekwe ng'ambo ya mto kwa mganga, akanyolewe. Huko hawanyoi kwa ajili ya urembo. Unanyolewa kichwa chote, unanyweshwa dawa, unarudishwa nyumbani ukiwa umeachishwa uchawi, maana yake wote mmekubaliana kwamba ulikuwa nao. Agnetha alimwona mama yake akirudi na kitambaa kichwani, damu kavu nyuma ya sikio. Tangu siku hiyo Levina hakuanza kumsalimia mtu. Alingoja asalimiwe kwanza, na asiposalimiwa alipita. Mwishowe akahamia Masagati, akalima shamba lake mbali na watoto wa watu.

Katika mtaa mzima ni mama mmoja tu aliyeendelea kuwaacha watoto wake wale kwa Levina. Aliitwa Restuta.

Na huyo Restuta ndiye aliyeingia dukani kwa Agnetha mwezi wa saba, amebeba kitambaa cha gauni. Binti yake Ester alikuwa anaolewa na Evarist, kijana wa mashamba ya miti kule Uchindile, na sendofu ya kumuaga bibi harusi ilikuwa imekaribia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nishonee kitu kitakachofanya wifi zangu wakose usingizi."

"Hilo dogo. Na muziki usiwe na wasiwasi, fungu la harusi nimelifanyia mazoezi."

"Vizuri. Ila nikifika kumkabidhi Ester, nataka ule wa baba yake."

"Upi, mama?"

"Unaujua. Wa Kushusha."

Mguu wa Agnetha ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Mama, ule ni wa msiba."

"Umekuwa wa msiba juzi. Marehemu mume wangu Fidelis alikuwa anakuomba uupige kila misa ya mavuno, mpaka padre akamwambia achague mwingine. Tukamzika nao kwa sababu ulikuwa wake. Ndipo kila mwenye maiti akautaka, kama vile Fidelis aliacha mtaji."

"Watu hawakumbuki hayo."

"Mimi nakumbuka. Ester hana baba wa kusimama naye. Kwa muda ule mfupi nataka baba yake awepo."

Agnetha alitaka kukataa. Alikuwa na sababu tele na zote zilikuwa za kweli. Lakini aliyekaa mbele yake ni mama yule yule ambaye watoto wake walikuwa wakirudi nyumbani na mabaki ya uji wa Levina mdomoni.

"Nitaona, mama."

"Usione. Piga."

Kesho yake akaja Salvatory, mdogo wake marehemu Fidelis, mwenye mashine ya kukoboa mpunga na sauti ya upole ambayo ingemfaa mhubiri. Alishika shika sare zilizotundikwa, akasifia mishono.

"Nasikia shemeji amekuletea wazo."

"Ndiyo, baba."

"Wewe ni mtoto wa Levina, sivyo? Hajambo huko Masagati?"

"Hajambo."

"Nywele zimeota?"

Salvatory akairudisha sare mahali pake na kuinyoosha kola.

"Mimi sina maneno mengi. Mpige msipige, shauri lenu. Ila Ester akipatwa na hata mafua, hatutahangaika kutafuta pa kuanzia." Akaaga vizuri, akaondoka.

Siku ya sendofu Agnetha alikuwa amejiandalia uongo: uzi umekatika, samahanini sana. Alipiga fungu la harusi lote, watu wakala, wakacheza, MC akatania mpaka sauti ikakauka. Halafu Restuta akasimama na gauni lake la kuwanyima wifi usingizi, akamshika Ester mkono, akamtazama Agnetha. Alimtazama tu, kama mtu aliyeketi mezani akijua chakula kinakuja. Agnetha akauacha uongo wake. Akainua upinde, akaanza.

Ukumbi mzima ukasimama. Hawakusimama kwa heshima ya bibi harusi. Miguu yao ilikuwa imezoea. Wahudumu wakaganda na sinia za pilau. MC, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyemwona amenyamaza, akakumbatia kipaza sauti kifuani. Ni Evarist na ndugu zake tu waliotabasamu, maana wa Uchindile hawakujua lolote na walidhani huko Ifakara ndivyo wanavyokabidhi.

"Wanamzika nani?" akauliza mama mmoja nyuma, kwa mnong'ono uliofika mpaka mbele.

Restuta akatembea na mwanawe taratibu kwa mdundo ule, wote wawili wakilia, akauweka mkono wa Ester kwenye mkono wa Evarist. Mtu mmoja tu hakusimama. Salvatory alibaki kwenye kiti chake, amekunja mikono, macho hayatoki kwa Agnetha.

Baada ya hapo wenye harusi walianza kupata udhuru. Mmoja alisema wameamua kutumia diski. Mwingine alisema ukumbi ni mdogo, chelo haitaenea, ilhali kwenye ukumbi huo huo waliingiza ng'ombe wa zawadi. Agnetha hakujali sana. Woga wake ulikuwa umehamia Uchindile, kwenye mwili wa Ester.

Ester akapata mimba. Agnetha alimpigia simu mara nyingi kuliko mumewe alivyompigia. Umelala kwenye chandarua? Umekunywa dawa? Unakohoa au ni simu? Evarist siku moja akaichukua ile simu, akauliza kwa utani kama yeye bado ana nafasi kwenye ndoa hii. Ester akicheka, Agnetha alisikiliza ndani ya kicheko kama kuna kifua.

Salvatory naye alipitia dukani mara moja moja, hakai, hanunui. "Miguu ya Ester inavimba," alisema siku moja mlangoni. "Juzi alitapika," alisema siku nyingine. Akishaondoka, Agnetha alijikuta ameshika mkasi mkono mmoja na mkono mwingine uko kichwani, unapima nywele zake. Aliwaza ajinyoe mwenyewe kabla hawajaja, awakoseshe kazi. Akauweka mkasi chini, na baada ya muda akajikuta ameushika tena.

Mimba ilipokomaa Ester akarudi kwa mama yake kujifungua, kama inavyofanywa mimba ya kwanza. Mchana mmoja pikipiki ilisimama mbele ya duka. Salvatory alikuwa nyuma ya dereva, shati limelowa jasho.

"Panda."

"Tunakwenda wapi, baba?"

"Panda, utajua huko huko."

Alikaa katikati yao, magoti yakigongana. Hakukumbuka kufunga duka. Walipofika njia panda, barabara moja ya kwenda mtoni na daraja, nyingine ya kwenda hospitali, lori la mpunga likawazuia. Agnetha alilitazama lile lori, gunia moja baada ya jingine, akimwomba Mungu liwe refu. Mikono yake ilikuwa imeshashika kitambaa cha kichwa na kukikaza. Lori likaisha. Pikipiki ikakata kuelekea hospitali.

Ester alikuwa kitandani, amepoteza damu nyingi, rangi ya majivu, lakini yu hai. Pembeni yake palikuwa na mtoto wa kiume mwenye uso wa hasira. Restuta alikuwa amekaa sakafuni, amechoka hata kuongea. Agnetha akaegemea ukuta. Akadhani yamekwisha.

Salvatory akamvuta koridoni.

"Ule wimbo una kitu," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mhubiri. "Manesi walikuwa wameshaanza kukimbia. Ester anaimba tu kwa mdomo uliofungwa, wimbo ule ule. Mtoto akalia."

"Ni manesi, baba. Ni damu waliyomwekea. Mimi napiga nyuzi tu."

"Usinifundishe. Utaupiga siku ya ubatizo. Na mke wangu ana tumbo, utakuja nyumbani kwangu pia. Niliyosema zamani yasahau, sikujua kama ni wa upande wa kuponya."

Habari zilitangulia kufika sokoni kuliko yeye. Wiki hiyo hiyo mama mmoja akaja kutoka Mlimba na mtoto anayechemka mgongoni, akaomba apigiwe kidogo tu, hata nusu. Agnetha akamtimua kuelekea hospitali, akimsukuma mabegani, na mama yule alitoka analia kwamba amenyimwa. Hapo ndipo baridi ikamwingia. Walipomdhania anaua, walau walikaa mbali. Sasa wanamletea watoto. Siku mmoja wao atakapokufa, hakuna atakayesema zeze limeshindwa. Watasema Agnetha amekataa. Na watakaposema hivyo, njia ya kwenda mtoni wanaijua.

Ubatizo ulifanyika Jumapili, kanisa limejaa, na Agnetha hakujidanganya kwamba wamemfuata mtoto. Alipiga fungu la ubatizo vizuri, safi, kama sista angetaka. Ibada ilipokwisha Salvatory akasimama benchi la mbele, mkewe mwenye tumbo pembeni yake, akamwashiria kwa kichwa aanze.

Agnetha akainama kana kwamba anaweka chombo sawa. Akakizungusha kidogo kigingi cha uzi mnene, ukalegea. Akaanza Wa Kushusha.

Sauti iliyotoka ilifanana na mlango wa banda la mbuzi. Watu waliokuwa wameshasimama wakatazamana. Akakosea pale ambapo sista alikuwa akimchapa vidole, akarudi nyuma, akakosea tena hapo hapo. Uzi ukakoroma. Kwenye kwaya msichana mmoja akaziba mdomo, mwenzake akashindwa.

"Leo zeze limemeza chura," alisema katekista, na benchi lake zima likaangua kicheko.

"Ndio huu?" mke wa Salvatory akamuuliza mumewe, bila kujali nani anasikia. "Huu ndio uliomrudisha mtoto? Mimi nikijifungua naomba niachiwe manesi."

Kicheko kikazunguka kanisa zima, mpaka wazee. Salvatory akaketi, uso unamwaka, anatazama sakafu. Agnetha hakuishia hapo. Aliuburuza wimbo wote mpaka mwisho, jasho likimtiririka, akiharibu kwa uangalifu mkubwa kuliko aliowahi kuutumia kupiga sawasawa. Katikati ya hayo akamwona Restuta. Ulikuwa wimbo wa mumewe, na yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na mjukuu wake amelala mapajani.

Agnetha akafunga boksi, akalibeba mwenyewe, akapita kati ya mabenchi huku watoto wakiigiza ule mlio. Alipofika mlangoni alisimama, akageuka, akahakikisha kwamba bado wanacheka.