Mwalimu Edvina Hataki Ushindi wa Huruma

Tangu kiharusi kimguse mkono wa kushoto, Mwalimu Edvina wa Ijuganyondo alikuwa akishinda mchezo wa maneno kila Jumamosi, na ushindi wenyewe ukaanza kumchefua.

Mchezo huo yeye na Mwalimu Gamaliel waliuanzisha Kagoma, walipokuwa wakifundisha Kiingereza shule moja. Mmoja anataja mwisho wa neno, tuseme "-ness", kisha wanapokezana maneno yenye mwisho huo: darkness, kindness, illness. Anayekwama anamenya ndizi za mchana. Kwa mwanamume wa Kihaya adhabu hiyo si ndogo, maana kumenya ndizi ni kazi ya wanawake. Gamaliel alikuwa akimenya ameugeukia ukuta huku walimu wakimcheka, na wiki inayofuata anakuja na maneno mapya, amekunja uso. Walistaafu, mmoja akarudi Ijuganyondo, mwingine akahamia Kashai, lakini Jumamosi haikuvunjwa.

Jumamosi hii Edvina alitaja "-ship".

"Friendship," akaanza.

"Hardship."

"Leadership."

Gamaliel akakuna kichwa, akatazama dari. "Waitu Mwalimu, leo umeniweza," akasema kwa heshima ya Kihaya. Akavuta beseni la ndizi.

Edvina akamkazia macho. Mtu aliyewahubiria wanafunzi habari za scholarship mpaka wakamtania kwa neno hilo, leo limemtoka?

"Scholarship iko wapi?"

"Nimeisahau tu."

"Umeisahau!"

Agnetha, binti yake, akatokeza kutoka jikoni. "Mama, mwache. Anakuhurumia. Na mkono huo utamenyaje?"

Kumbe! Wiki zote hizo alikuwa akibembelezwa kama mtoto mchanga. Afadhali angetukanwa. Padre alimletea komunyo nyumbani, akakubali. Agnetha alimkatia nyama sahanini mbele ya wageni, akameza uchungu wake. Lakini mchezo huu ndio uliokuwa umebaki, mahali pekee ambapo mtu alikuwa bado anambishia. Nao wamemnyang'anya, tena kwa tabasamu!

"Gamaliel," akamwita, cheo cha ualimu kakitupa. "Kama nimekufa, kalete jeneza. Kama ningali mzima, cheza!"

"Mama, presha yako..."

"Wewe nyamaza!"

Wakaanza upya kwa "-ment". Mwanzoni Gamaliel aliyatoa maneno kwa kusitasita. Edvina akamwambia hata enzi za Kagoma alikuwa akibahatisha tu. Hapo mzee akavua koti. Government, payment, punishment, agreement, yakatoka mfululizo, hakuna aliyemwonea mwenzake haya. Mwishowe Edvina akatafuta neno, akalikosa.

Gamaliel akamsubiri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umekwama."

"Nimekwama. Lete kisu."

Akaibana ndizi kwa magoti, akaikata kwa mkono wa kulia. Maganda yakatoka mazito, nusu ya ndizi ikienda nayo, na utomvu ukamganda kwenye gauni. Ya pili ikamponyoka, ikabiringika sakafuni. Agnetha akainuka kumsaidia.

"Kaa chini, mwanangu," Gamaliel akasema. "Ameshindwa. Mwache amenye."

Chakula cha mchana kililiwa jioni. Gamaliel akainua kipande kimoja chembamba, akakigeuza mbele ya macho.

"Waitu Mwalimu, ndizi hizi umezimenya vibaya."

"Vibaya sana," akajibu Edvina, akijiongezea mchuzi. "Ukitaka zilizomenywa vizuri, Jumamosi ijayo nitakushinda, uzimenye mwenyewe."