Siku Niliyomwambia Baba Twende Kwetu

Kiswahili changu ni cha jikoni. Nimezaliwa Ibra, mji wa bara ya Maskati, nimesomeshwa Ibra kwa Kiarabu, na kwa miaka ishirini nimefundisha hesabu hapo hapo kwa Kiarabu hicho hicho. Kiswahili nilikipata kwa mama, baina ya sufuria na mbuzi ya kukunia nazi, kikanitosha kusema chumvi imezidi na wali umeungua. Baba hakuchoka kunisahihisha. Nikisema "hii kiti", yeye husema "kiti hiki", polepole, bila ya hasira, kama mtu anayeokota punje za mchele zilizodondoka mkekani. Siku hizi nakiandika kwa kamusi na kwa ukaidi, maana yule wa kunisahihisha hayupo.

Nyumbani tulikuwa na neno moja lenye maana mbili na hakuna aliyelishughulikia. Sisi watoto tukisema "kwetu" tulikusudia Ibra. Baba akisema "kwetu" alikusudia Unguja, mtaa wa Malindi, nyumba ambamo shangazi yangu, mdogo wake, anaishi mpaka leo. Babu yake Baba aliondoka Ibra kwenda kutafuta maisha Unguja. Baba naye aliondoka Unguja mwaka wa mapinduzi, kijana wa miaka kumi na tisa, akarudi Ibra. Nimeandika "akarudi" kwa mazoea tu. Hakuwa ameiona Ibra kabla ya hapo, hakurudi, alikuja.

Unguja hakupata kuiona tena. Mwanzo hakukuwa na ruhusa, halafu tukazaliwa sisi, halafu nyumba ikajengwa, halafu moyo ukamsumbua, halafu yakaja maradhi ya ini yaliyotupeleka Viena. Wiki moja kabla ya safari alinishika mkono akasema kwamba akipata nafuu tumpeleke kwetu. Nikamjibu, daktari akikubali. Ni rahisi sana kumtwika mzigo daktari ambaye hujamwona.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole. Siku ya tano alinieleza kwa Kiingereza, na Baba amekaa ubavuni mwangu hafahamu hata neno, anamtazama kwa adabu. Alisema maradhi yameshatapakaa, hakuna cha kukata wala dawa ya kujaribu. Nimpeleke nyumbani akiwa bado anaiweza safari moja, akae na watu wake. Zimebaki wiki chache, alisema. Nilitikisa kichwa, kama wazazi wanavyotikisa mbele yangu ninapowapa matokeo ya watoto wao.

"Haya, kasemaje?" Baba aliniuliza tulipofika nje.

Nikatafuta maneno. Chumvi imezidi, wali umeungua. Sikuwa na Kiswahili cha kumwambia baba yangu kwamba anakufa, na kwa Kiarabu niliona nitakuwa kama ninamsomea ripoti ya skuli.

"Kasema twende zetu kwetu," nikasema.

Nililichagua neno hilo kwa sababu niliona ni laini. Ningesema "nyumbani", au ningeitaja Ibra kwa jina lake, yasingetokea yaliyotokea.

Baba alisimama pale pale njiani. "Alhamdulillahi," akasema, akapangusa macho kwa ncha ya kilemba. Nilidhani ameyafahamu mauti na ameyapokea, nikamwonea fahari, na moyo wangu ukapata nafasi ya kupumua. Kisha akasema hawezi kwenda Ulaya akaona kuta za hospitali tu. Ndege ilikuwa kesho yake. "Tutembee mji, mama," akaniambia mimi binti yake. " N'takwenda kuwakhadithia nini watu?"

Ndipo tukapanda basi jekundu la watalii, la ghorofa mbili, ile ya juu haina paa. Kulikuwa na jua lakini baridi ilikata masikio. Baba alivaa kanzu yake na koti langu juu yake, kilemba akakitia mfukoni, akabaki na kofia aliyoishika kwa mkono mmoja isichukuliwe na upepo. Tulipewa nyaya za kutia masikioni, unachomeka ubavuni mwa kiti na kuchagua lugha. Nikamchagulia Kiarabu. Alisikiliza kidogo, akazivua.

"Huyu anasoma khutba," akasema. "N'fasirie wewe."

"Baba, hii kiti haina baridi?"

"Kiti hiki hakina. N'fasirie."

Nikamfasiria kadiri nilivyoweza. Hapa alikaa mfalme. Hapa pia alikaa mfalme, lakini wakati wa baridi. Lile ni jumba la makumbusho, na lile la mbele yake ni jumba jengine la makumbusho, yametazamana kama mapacha. Kanisa kuu lilikuwa na paa la vigae vya rangi rangi vilivyopangwa kwa mistari, na Baba akasema aliyeliezeka paa lile bila shaka mkewe alikuwa msukaji mikeka. Magari ya farasi yalipita chini yetu, farasi wamevishwa vikofia vya masikio. Akashika kofia yake, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Majumba yote haya," akasema, "na sikuona hata baraza moja. Watu wanakaa wapi wakizungumza?"

Nilicheka na mimi. Nasema kweli, kwa dakika ishirini hivi nilisahau.

Basi lilipopanda daraja la Danubi, maji mapana chini yetu, Baba alinigeukia. "Tumpelekee sauti shangazi yako. Asije akasema nimemshtukiza."

"Kumwambia nini, Baba?"

"Kuwa n'nakuja."

Upepo ulikuwa mkali, nikajifanya sikusikia. Akasogea sikioni kwangu. Alisema kama dakhtari keshatoa rukhsa twende kwetu basi hakuna tena cha kungoja, ndege ikitufikisha Maskati tuunge moja kwa moja. Alikuwa ameshayapanga yote. Ataanza kwa kaburi la mama yake. Halafu atakaa kwenye baraza ya nyumba ya Malindi mpaka ampite mtu mmoja, mmoja tu, atakayemjua.

Hapo ndipo nilipoujua ule uso wa furaha ulikuwa wa nini. Hapakuwa na mauti ndani yake hata kidogo.

Nilipaswa kumwambia. Basi lilikuwa nusu tupu, hakuna ambaye angefahamu lugha yetu. Lakini ningemwambia mambo mawili kwa mpigo: kwamba anakufa, na kwamba Unguja hataiona. Nikatoa simu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, havikuweza kukishika kile kitufe cha kurekodi, basi nikakibonyeza mimi na kumshikia simu mdomoni.

"Ndugu yangu, n'nakuja," akasema. "Dakhtari kanipa rukhsa. Shokishoki zishaingia? Usihangaike kupika makubwa. N'korogee uji wa pilipili manga tu."

Nikaachia kidole, sauti ikaenda. Kidole kilikuwa changu.

Jioni niliwaza kubadilisha tiketi. Daktari alisema safari moja, na safari moja ingeweza kuwa ile. Niliogopa Baba asije akafia angani, na kwa aibu niseme, niliwaogopa zaidi ndugu zangu na maneno yao. Shangazi alikuwa ameshajibu: kitanda cha samadari amekitandika, shuka za tarizi amezitoa sandukuni. Baba aliirudia sauti ile mara tatu, nami nikatia nguo mabegini.

Tulifika Maskati asubuhi. Baba aliongoza njia, pasi yake mkononi, akisoma mabango. Abiria wa kuingia mjini sote tulikuwa tukienda upande wa kulia. Yeye akakata kushoto, palipoandikwa abiria wa kuunganisha ndege. Nilimkuta amesimama mbele ya afisa kijana, akimuuliza kwa Kiarabu ndege ya Zanzibar inaondokea mlango gani.

Kijana akafungua pasi, akatabasamu, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Hamdillah ala salama, ammi," akamwambia, kama mtu anayempokea ami yake aliyefika salama. "Umeshafika nyumbani."

Baba akanitazama. Hakukasirika. Natamani angekasirika. Alikitoa kilemba mfukoni, akakifunga vizuri kichwani, akanifuata kwenye mlango wa kulia.

Niliendesha gari, milima ikipita pande zote mbili. Tulipoiacha nyuma njia ya kuingilia Mudhaibi ndipo aliponiuliza daktari alisema nini khasa. Nikamwambia, kwa Kiarabu, yote, macho yangu barabarani. Alisikiliza mpaka mwisho. Ibra ilikuwa imeanza kuonekana.

"Siku nyengine, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile ya kiti hiki, "ukikusudia Ibra, sema kwetu sisi, usiseme kwetu tu."

Alifariki wiki ya tatu, baada ya sala ya alasiri, chumbani kwake. Shangazi akapiga simu. Alilia sana, kisha akanambia shuka bado ziko kitandani, hajui azikunje au aziache. Halafu akauliza kazikwa wapi.

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, nikalizuia.

"Ibra, shangazi," nikasema. "Kwetu sisi. Si kwenu."