Miti ya Matunda ya Baba

Likizo ya mwisho kabla sijaingia chuo kikuu, nilimfundisha baba Kiingereza. Alikuwa mkamuaji katika shamba la mzungu huko Njoro, na mkataba wetu wa kuishi pale ulikaribia kwisha. Kila familia ilipaswa kwenda mbele ya Bwana mwenye shamba kuuomba upya.

"Nataka nimweleze mipango yangu kwa lugha yake," baba alisema. "Asinione mtu wa leo tu."

Basi tukaanza na wakati ujao. Alikariri akikamua, maziwa yakigonga ndoo: I will work hard, nitafanya kazi kwa bidii. I am going to plant fruit trees, nitapanda miti ya matunda. Wenzake walimcheka.

"Mzee, ng'ombe huyo atapata cheti kabla yako."

"Mwache apate. Wewe utamwomba kazi."

Miti ya matunda niliichagua mimi. Nilitaka sentensi ya mtu mwenye bidii. Mama peke yake, akichambua maharagwe, aliuliza, "Miti hiyo itapandwa kwa nani?" Nikamwambia ni mfano tu.

Siku ilipofika nilisimama nyuma ya baba mlangoni mwa ofisi. Bwana akauliza, "Wewe nataka kaa hapa?" Baba akavua kofia, akajibu kwa Kiingereza, hadi sentensi ya miti ya matunda, bila kosa hata moja. Nilijivuna.

Bwana akaweka kalamu chini.

Sisi maskwota, vibarua tulioishi kwenye ardhi ya mzungu, tuliruhusiwa kulima mahindi na maharagwe, vitu vya msimu mmoja. Mti unaongoja miaka ulikuwa wa mwenye ardhi. Baba alilijua hilo kuliko mimi, lakini aliamini kwamba neno la mwanawe msomi haliwezi kumdhuru.

"Shamba hii ya nani?" Bwana akauliza. Hakutia sahihi.

Tulihama wiki hiyo hiyo, tukapanga chumba kimoja Nakuru mjini. Njiani, mzigo begani, baba aliniuliza polepole, "Nilikosea neno gani, mwalimu?"

"Hakuna, baba. Ulisema sawasawa."

"Haya."

Hakuniita mwalimu tena. Sasa nina digrii, na bado kila asubuhi napanga upya lile somo. Nitaamka mapema. Nitakamua vizuri. Ng'ombe watanenepa. Zilikuwepo sentensi nyingi ambazo zingetuwezesha kubaki pale. Nazijaribu moja moja, na kila mara namwona baba akivua kofia.